Gitaa la Cleophus Tarver

Haya yalimkuta rafiki yangu Odell, hapa hapa Mississippi, nami nayasimulia kama alivyonieleza.

Alikwenda kuchukua gitaa la marehemu Cleophus Tarver, ambaye kila mpiga bluzi wa huku, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, bado anaiga vidole vyake. Odell alikuwa mwanafunzi wake. Tangu mazishi alikuwa kama mtu aliyekufa ganzi. Hakulia, wala hakupiga muziki tena.

“Lipeleke kanisani, mwanangu,” dada wa marehemu alimwambia, akimkabidhi sanduku lililofungwa. “Humu ndani linaninyima usingizi.”

“Kwani nani analipiga, shangazi?”

“Wewe beba tu.”

Njiani, mchana, wingu zito lilitanda juu ya mashamba ya pamba, giza likashuka. Kwenye kiti cha nyuma cha gari gitaa likaanza kulia, taratibu. Odell akadhani ni mashimo ya barabara. Akasimama, akazima injini. Muziki ukaendelea, wimbo aliofundishwa na marehemu utotoni, hadi pale alipozoea kukosea. Hapo ukarudiwa polepole, kama mwalimu anavyomrudia mwanafunzi somo.

Akafungua sanduku. Kimya. Gitaa halikuwa na uzi hata mmoja, na shingo yake, pale vidole vya mpigaji hubonyeza, ilikuwa ya moto, imelowa jasho.