Mlango Nliochonga Mie, Kapewa Hamadi

Nna miaka ishirini na mbili, mkaazi wa Kiembe Samaki. Kazi yangu kuchonga milango ya nakshi. Ndiyo, mie mwanamke! Cheka kwanza, ukimaliza nisikilize...

Nilipomaliza kidato cha nne, ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alinichukua karakanani kwake Mji Mkongwe. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Haukupita muda nikawa nnachonga hata ule mnyororo wa nakshi wa pembeni mwa fremu, ambao Hamadi, mwanafunzi mwenzangu, kila akijaribu unamkatikia.

Lakini ami akatundika pazia.

"Mwanangu, kaa huku nyuma," akanambia. "Mteja akiona kitoto cha kike kimeshika patasi, atakimbia. Vumilia kidogo tu."

Nikakubali... Laiti ningelijua!

Wazee wa barazani wakisikia nyundo, humwuliza ami, "Haji, huko nyuma umefuga jini?"

"Binti huyo, anapiga msasa."

"Msasa gani huo wenye nyundo?"

Basi kicheko! Na mie nyuma ya pazia nnaendelea kugonga.

Kwetu karakanani, mlango mkubwa ukisimamishwa hufukizwa ubani, watu wakanywa kahawa, kisha fundi mkuu humtaja mbele yao aliyeuchonga. Ukishatajwa, wewe fundi. Hukutajwa, utabaki mwanafunzi mpaka uote mvi! Ami akaniahidi: mlango tulioagizwa wa nyumba moja ya Bububu ukisimama, atanitaja.

Mlango ule nliuchonga peke yangu, kila ua.

Siku ikafika. Mie nipo ndani ya nyumba ile na wanawake, nimetega sikio nyuma ya mlango wangu mwenyewe. Mwenye nyumba akauliza, "Huu mkono wa nani?"

Ami akakohoa. "Wa Hamadi."

Nikatoka bila kufikiri.

"Shikamooni wazee. Mlango huu nimechonga mie!"

Bora mwenye nyumba angekasirika. Alinicheka kwa huruma. "Mwanangu, kazi hii inataka mwanamme, tena mtu mzima. Haya, nani alokuona ukichonga?"

Nikamtazama Hamadi. Akatazama makubadhi yake. Nikamtazama ami... akaomba kahawa! Nani mwengine aliyeniona? Pazia?

Nikazunguka karakana nyengine. Kila pahala, "Tuoneshe kazi yako." Nioneshe nini, na milango yangu yote ina jina la mtu mwengine? Nikarudi kwa ami, kichwa chini, nyuma ya pazia lile lile. Ningekwenda wapi?

Mwezi uliopita ami akapata kazi kubwa, minyororo mitupu. Hamadi haiwezi. Ami akanijia kwa sauti ya asali, "Rukia, vumilia mara hii tu..."

Nkalivua pazia, nkalikunja vizuri, nkamwekea mapajani. Nkachukua patasi zangu nkatoka.

Sasa nnakaa barazani kwetu, njiani kabisa, nnachonga vipande vya mbao. Hakuna aliyeniagiza kitu. Ami hasemi nami. Vijana wakipita, "Bi Fundi, tuchongee mwiko!" Usiku nalia, asubuhi natoka tena.

Wasichana wenzangu, nakuombeni! Ukiambiwa jifiche kidogo, muulize anayekwambia: siku ya kutoka, nani atakuwa shahidi wangu? Mie nlichelewa kuuliza... Basi waache wanicheke. Anayenicheka, kaniona.