Injini ya Mzee Nemani

Asubuhi hiyo sikuwa nimekunywa hata chai. Losalini, binti wa marehemu kaka yangu, alikuja kunigongea kwenye karakana yangu ya Tavua, hapa Fiji, nikamkagulie gari. Kigari kidogo cheupe cha petroli, cha ule mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Alikuwa amempakata mwanawe Akosita, wa miaka minne, na kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga miluzi kama kawaida yake.

"Ba'mdogo, safari hii usiniambie nisubiri," akasema.

Sikumbishia. Mwezi uliotangulia mtoto alibanwa na pumu mchana, basi la kijijini kwao limeshapita, ikabidi ambebe kwenye lori la miwa mpaka hospitali. Walifika midomo ya mtoto imegeuka bluu. Daktari alimwambia wazi kwamba wangechelewa nusu saa nyingine, angeletwa maiti. Ndiyo maana alitaka gari, tena gari lisilozimika njiani.

Muuzaji aliitwa Taniela. Anakaa Suva, alikuwa amerudi kijijini kuuza vitu vya baba yake, mzee Nemani. Mzee alifia ndani ya gari hilohilo. Kifua kilimbana, akashika usukani ajipeleke hospitali, hata lami hakuifikia. Walimkuta asubuhi, injini bado inanguruma.

Tulipofika kwao na kuziona ndevu za Taniela, nikajua. Kwetu mwanamume aliyefiwa hanyoi mpaka zitimie nyusiku mia tangu mazishi, na mali ya marehemu haitoki nyumbani mpaka iombwe mbele ya ukoo, kwa mizizi ya yaqona, ile tunayotwanga tukainywa kwa heshima.

"Mia zimetimia?" nikamuuliza.

"Zimetimia, kaka."

"Na hizo ndevu?"

"Wembe umepotea." Akacheka peke yake.

Ningegeuka palepale. Sikugeuka. Mtoto alikuwa anakohoa nyuma yangu, na mimi ni mtu wa spana, mambo ya ukoo huwa nawaachia wenye nafasi. Nikajitia hamnazo. Hilo ndilo kosa langu na sitalipaka rangi.

Nikafungua boneti. Injini ya kukaguliwa uikute ya baridi. Ukiikuta ya moto, ujue muuzaji ameipasha ili usisikie inavyohangaika kuwaka. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto.

"We bwana, unaniona mtoto mdogo? Umeiwasha saa ngapi?"

Taniela akaninyooshea kidole mahali pa betri. Palikuwa patupu. Betri ilikuwa jikoni kwao, inawasha taa, tangu wiki ya mazishi. Akanisogelea sikioni.

"Kila asubuhi iko hivyo," akanong'ona. "Nichukulieni tu."

Vinyweleo vilinisimama, nakiri. Lakini fundi akishashika spana hana akili nyingine. Nikachomoa kijiti cha oili: safi kabisa. Kifuniko chake hakikuwa na ule utando mweupe, maana yake maji hayachanganyiki na oili. Nikatoa plagi, nikapima mgandamizo wa silinda zote nne, zikalingana. Tukarudisha betri. Ikawaka mara moja, bila moshi, bila kutetemeka. Miaka ishirini na sita ya kazi sijakuta injini nzima namna ile.

"Chukua," nikamwambia Losalini.

Habari ya moto ule sikumwambia.

Siku ya tisa tangu alinunue, saa saba mchana. Losalini alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Ufunguo uko mfukoni mwake. Mtoto amelala mkekani. Akasikia gari linawaka.

Akakimbia mbele. Gari hakuna. Mkeka mtupu. Barabarani vumbi tu.

Alinipigia simu huku analia: gari hakuna, mtoto hakuna. Nilimkuta njiani anakimbia pekupeku, nikampakia kwenye pikapu. Alidhani ni wezi. Mimi sikumuuliza wameelekea wapi. Nilikuwa najua.

Gari lilikuwa mbele ya hospitali. Limezimwa. Limefungwa kwa ufunguo. Akosita alikuwa kitandani, amewekewa hewa, anapumua.

Muuguzi alikuwa amekasirika. "Mama, unamtumaje mzee mgonjwa akuletee mtoto? Mwenyewe kashika kifua. Nimemwandika baada ya mtoto, nimemwita mara tatu, sijui kaenda wapi."

Akatugeuzia daftari. Chini ya jina la Akosita paliandikwa: Nemani, miaka sabini na moja, maumivu ya kifua.

Losalini aliketi sakafuni. Mimi nikainama kwa mtoto, nikamuuliza polepole nani alikuwa naye ndani ya gari.

"Babu," akasema. "Hakuongea. Alinishika tu hapa." Akagusa kifua.

Nilikwenda kwa ukoo wa Nemani na yaqona, nikatambaa kwa magoti, nikasema yote. Walinisamehe. Zilipotimia nyusiku mia wakalitoa gari kwa taratibu zake, Taniela akanyoa. Tangu hapo injini hukutwa ya baridi kila asubuhi, na Losalini bado analiendesha. Pumu nayo haijamrudia mtoto hata siku moja. Watu husema tushukuru. Tunashukuru.

Ila pale mtoto aliposhikwa palibaki alama. Muuguzi alidhani ni mafuta ya nazi, akaisugua kwa sabuni, haikutoka. Ni kiganja cha mwanamume, vidole vyote vitano, kimelala juu ya moyo. Siku ile, kwa udogo wa mtoto, kilimfunika kifua kizima.

Akosita sasa ana miaka kumi na mmoja, mrefu kumpita mama yake. Bado kinamfunika kifua kizima.