Kioo cha Duka na Mbuzi Asiye na Mwenyewe

Binti yangu ni fundi cherehani. Duka lake liko kati ya bucha na kinyozi. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda naye kufungua. Yeye anavalisha sanamu magauni, mimi nafuta kioo cha mbele kwa gazeti. Mjukuu wangu tulikuwa tunamlaza kwenye mkeka, pale pale nyuma ya kioo, kwa sababu pana jua zuri.

Kioo kile kilikuwa kikubwa kama ukuta. Watu walisimama nje wakatazama magauni. Wengine walijitazama wenyewe, wakachokonoa meno. Lakini wakishajitazama, waliingia. Kioo ndicho kilichokuwa kinaita wateja.

Siku moja muuza nyama wa ile bucha alikuwa ananunua beberu kwa mfugaji. Walibishana bei barabarani, kamba ikamtoka mmoja wao. Mpaka leo hakuna anayekubali kuwa ni yeye. Beberu akaja mbele ya duka letu. Akaona beberu mwenzake ndani ya kioo. Akainamisha kichwa, na mwenzake akainamisha. Akarudi nyuma, kisha akaja mbio.

Vipande virefu kama visu viliangukia mkeka. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Alisumbua tangu alfajiri, ndiyo maana nilimbeba. Namshukuru Mungu kwa ule usumbufu. Beberu hakupata hata mchubuko. Alisimama katikati ya magauni, anatafuna utepe.

Nikatoka nje kwa hasira. Nikauliza mbuzi huyu ni wa nani. Muuza nyama akasema hajamlipia, kwa hiyo si wake. Mfugaji akasema walishapeana mikono, kwa hiyo si wake tena. Watu wazima wawili, kila mmoja na ndevu zake, wananiambia mbuzi hana mwenyewe.

"Basi kama hana mwenyewe," nikasema, "nampika leo leo."

Hapo wote wawili wakashika kamba.

Mume wangu, baba watoto, akaja, akatuambia tusihangaike. Duka lina bima, alilikatia yeye mwenyewe. Tukapiga simu kwenye kampuni. Tukajibiwa kwamba bima ile ni ya moto na wizi. Mbuzi si moto, wala hakuiba kitu, ukiacha ule utepe.

Tukaenda kwa mwenye nyumba. Tulidhani bima ya jengo lake inafika mpaka kwenye kioo. Akasema ukuta na paa ni vyake, kioo cha mbele ni cha mpangaji, ndivyo walivyokubaliana. Kisha akaongeza kwamba kioo kisiporudi kabla ya mwezi kwisha, duka atampa mtu mwingine.

Binti yangu akauza cherehani yake ya kudarizi apate pesa ya kioo. Aliinunua kwa kushona sare za shule mpaka macho yakamuuma. Siku wanaichukua aliifuta vumbi tu. Mimi nilisema mengi, na majirani waliyasikia.

Siku zile zile alikuja mteja kuchukua gauni lake. Ni dada anayefanya kazi ya bima. Nilimpokea vibaya. Nilimwambia watu wa bima hodari wa kupokea tu.

"Mama, nifukuze ukitaka," akasema, "lakini nisikilize kwanza."

Akavuta kiti. Akatueleza kwamba kioo kina bima yake. Kampuni nyingi hazikihesabu mpaka ukitaje: upana wake, urefu wake na aina yake. Kama kuna maandishi yamechorwa juu yake, nayo unayataja, maana kuyachora upya ni gharama.

"Na akija mbuzi?" nikauliza.

"Mbuzi, jiwe, mpira, hata mtu aliyeteleza. Ikiwa ni ajali iliyo kwenye mkataba, wanalipa. Hawakungoji umpate mwenye mbuzi. Wanakulipa wewe, kisha wao ndio wanaomfuata."

Nikamtazama muuza nyama kupitia lile tundu. Nilitamani sana kumwona akifuatwa.

Binti akauliza wasicholipa ni kipi. Yule dada akasema hawalipi ufa wa zamani, wala kioo ulichovunja makusudi. Tena kuna sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Uliza ni kiasi gani kabla hujatia saini. Na kikivunjika, ondoa watu kwanza. Piga picha kabla ya kufagia. Ziba kwa mbao, kisha wapigie simu siku hiyo hiyo.

"Na hiki kinachovunjika kama visu msikirudishe," akasema. "Wekeni kioo kigumu, kile kinachomwagika chengachenga kikivunjika. Mna mtoto hapa."

Baba watoto akaguna. Akasema hawezi kulipia kitu ambacho huenda kisivunjike kamwe.

"Baba," binti akamwambia, "cherehani yangu imelipia nini?"

Akaenda kumwita fundi wa vioo. Kioo kigumu kikawekwa, na bima yake ikakatwa siku hiyo hiyo. Mkeka wa mtoto ukahamia nyuma, mbali na dirisha.

Miezi michache ikapita. Baba watoto akaamua kupaka rangi mbao za juu ya mlango. Nikamwambia asiegemeze ngazi karibu na kioo. Akanijibu kwamba alianza kupanda ngazi kabla sijamjua. Ngazi ikateleza. Kioo kikamwagika kama mchele. Yeye alibaki ananing'inia kwenye fremu ya mlango, na brashi mkononi.

Safari hii binti yangu hakuuza kitu. Alipiga picha, akafagia, akaziba kwa mbao, akapiga simu. Mtu wa kampuni akaja kutazama. Binti akabeba sehemu yake ndogo, kampuni ikalipa iliyobaki. Kioo kikarudi wiki ile ile, na cherehani zilizobaki zote zikaendelea kulia.

Wewe mwenye duka unayesoma haya, toka nje sasa hivi ukitazame kioo chako. Kisha uliza kama kina bima. Usimuulize mumeo. Iulize kampuni.

Yule mtu wa kampuni aliuliza tu kioo kimevunjikaje. Hakuuliza kimevunjwa na mume wa nani. Hilo nililiuliza mimi, na majirani walisikia tena.