Trekta Lililofungwa kwa Nje

Komeo la mlango lilikuwa upande wa nje. Alute aliliona trekta likiwa bado juu ya lori, akadhani mlango ulifungwa kinyume kwa makosa. Alipochungulia ndani ya kibanda cha dereva hakukuta komeo, wala kitasa, wala hata tundu la boliti la kuonyesha kwamba kuna kitu kiliwahi kufungwa hapo.

"Shemeji, hili umelitoa wapi?"

"Mtinko," alijibu Enock, mume wa dada yake, huku akitabasamu. "Lilikuwa limelala uwanjani kwa marehemu mmoja, kuku wanatagia juu ya plau. Wajukuu walitaka liondoke tu."

Maksai wa Enock walikufa kwa ugonjwa mwaka uliopita. Msimu mzima yeye na mkewe Lucy walilima alizeti kwa jembe la mkono, na Lucy akiwa mjamzito. Mtoto hakuishi. Tangu hapo Enock aliapa kwamba mke wake hatainama tena shambani.

Alute alikuwa fundi wa matrekta ya zamani pale Misigiri. Watu walimletea mabovu yao awaambie ni ya miaka gani, kifaa kipi yalizaliwa nacho na kipi kilipachikwa. Alikwangua rangi taratibu kama anayemenya kiazi. Chini ya nyekundu kulikuwa na buluu, na chini ya buluu kulikuwa na alama.

"Hizi si namba za kiwandani," alimwambia Enock. "Za kiwandani hukaa kwenye mstari. Hizi zimegongwa kwa patasi, moja moja."

Vilikuwa viduara vidogo, kila kimoja na msalaba ndani, vimezunguka kiti cha dereva kama shanga shingoni.

Kibanda chenyewe hakikuwa cha trekta. Matrekta ya aina ile dereva hukaa wazi, jua la utosi likimpiga. Hiki kilichomelewa kwa mabati ya mapipa, na madirisha yake yalikuwa na nondo. Halafu koki ya mafuta. Ilitakiwa ikae chini ya tangi, karibu na mkono wa dereva, lakini mtu aliitolea bomba refu mpaka nyuma ya tairi. Anayetembea pembeni angeweza kulizima trekta. Aliyeketi ndani asingeweza.

Alute alijifuta mikono muda mrefu. "Aliyefanya haya hakuogopa wezi," alisema. "Alimwogopa dereva."

"Kaka, lirudisheni," alisema Lucy kwa sauti ya chini.

"Mvua inakuja, mke wangu," alisema Enock. "Unataka tushike jembe tena?"

Lucy aligeuka akaingia ndani. Basi Alute akafanya kazi aliyoizoea, ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Koki akairudisha ndani, komeo akalihamishia ndani, viduara akavisaga kwa grenda. Akiwa anasaga alisikia harufu ya nywele zilizoungua, kisha mlango wa kibanda ukagongwa kwa ndani, polepole, kama mgeni anayebisha hodi. Alizima grenda. Kimya. Alijiambia ni bati linapoa.

Siku ya kulima, Enock aliondoka asubuhi akipiga mluzi. Lucy alipompelekea uji, trekta lilimpita bila kusimama. Alidhani hajamwona. Lilipozunguka tena alimwona mumewe amekumbatia nondo za dirisha, mdomo wazi, na sauti yake imemezwa na muungurumo. Shamba lilikuwa limeshalimwa lote, na bado trekta lilizunguka, mfereji juu ya mfereji.

Alute alisikia yowe la Lucy akafika mbio, akakimbia sambamba na tairi, akauvuta mlango.

"Zima! Zima, shemeji!"

"Nimezima!" Enock alilia. "Nimezima zamani! Koki nimefunga, komeo nimefungua, mlango hautaki! Alute, kuna mtu amekaa mgongoni kwangu!"

Alute alitazama na akaona komeo linaning'inia wazi kweli, na mlango usiofungwa na chochote umekaza kama umechomelewa, na mkono wa Enock umetoka kwenye nondo ukimshika kola, ukimng'ang'ania huku trekta likimburuta juu ya madongoa, mpaka kola ikachanika naye akaanguka, na tairi kubwa likapita kando ya kichwa chake likimrushia vumbi lenye harufu ile ile ya nywele.

Akakimbilia kwenye uzio kutafuta mtandao, akawapigia wale wajukuu. Wakampa simu bibi yao, Agnes, mjane wa marehemu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vile viduara bado vipo?"

"Nilivisaga."

Bibi akanong'ona. "Mume wangu alilima juu ya makaburi ya watu wa zamani, jini likampanda. Fundi wa majini akalitoa, akalifungia humo. Lilikaa kwa sababu halikuwa na mwili wa kutokea. Sasa linao. Sikiliza, mwanangu. Trekta litasimama lenyewe. Msimpokee atakayeshuka kabla hamjamwita kwa lugha ya mama yake. Asipoijua, mfungieni humo humo."

Muungurumo ulikatika. Alute aligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na Enock alikuwa ameshashuka, Lucy amemkumbatia akilia.

Alute alimwita kwa Kinyiramba. Enock alimtazama, akatabasamu kwa upole.

"Nimechoka, shemeji," alijibu kwa Kiswahili. "Twende nyumbani."

Lucy hakumwachia, na Alute akakosa ujasiri wa kumfungia tena. Nyumbani yule aliyeshuka alikula, alilala, alifanya kazi. Kinyiramba hakukitamka, yeye ambaye hata kuota aliota kwa Kinyiramba. Lucy alilala amejibana ukutani, macho wazi.

Mwishowe mchana mmoja alimfuata kaka yake shambani. Alute alikuwa amekuja na patasi avirudishe vile viduara. Lucy alipoweka kiganja kwenye bati, sauti ilitoka ndani, kwa Kinyiramba. Ilimtaja mtoto wao, kwa jina ambalo yeye na mumewe hawakumwambia mtu.

"Lucy, kuna giza huku. Nifungulie."

Walifungua. Kiti kilikuwa kitupu. Walipofunga, sauti ikarudi, ikilia.

"Shemeji." Yule mtu alikuwa amesimama kwenye uzio, mikono mfukoni. "Maliza kugonga alama zako. Funga vizuri."

Lucy alimpokonya kaka yake patasi akaitupa vichakani.

Hakuwa na pa kukimbilia. Angeondoka, nani angemjibu aliyemo humo? Kwa hiyo kila siku baada ya kazi alikwenda kuketi kando ya bati, akazungumza na mumewe kwa Kinyiramba, habari za mvua, za jirani, za alizeti iliyoota. Mwanzoni alimjibu kila neno. Baadaye maneno yakaanza kumpotea, akawa anauliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje.

Juzi Lucy alimsalimu, na sauti ikakawia. Kisha ikamuuliza, kwa Kiswahili, "Mama, wewe ni nani?"

Alirudi nyumbani akijikokota. Yule mtu alikuwa ameketi mlangoni akimsubiri. Alimkaribisha kwa Kinyiramba safi, akamuuliza kama anamkumbuka mtoto wao, akamtaja kwa lile jina la siri.