Bibi Harusi Mbele ya Duka la Viatu

— Hebu ikuze picha hapo mlangoni, alisema Lifti huku akicheka. Uone hizo bugaluu! Suruali zinafagia barabara!

Binti akaikuza. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, na ukurasa wake mtandaoni ulipendwa kwa jambo moja: alitafuta picha ya zamani ya mtaa, akaenda kusimama palepale, akapiga nyingine, kisha akaziweka ubavu kwa ubavu. Hii ya leo ilitumwa na mfuatiliaji wake mmoja. Kushoto, maharusi wakishuka garini mbele ya duka la viatu. Kulia, mahali hapohapo sasa: duka la simu, taa za barabarani, pikipiki tele.

Ghafla kicheko cha Lifti kikakatika. Watu walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa fundi wa lifti za maghorofani. Alikuwa pia mchumba wa binti huyu, na Jumamosi wazazi wao walikuwa wakutane kwa mara ya kwanza.

— Huyo bwana harusi... ni baba yangu.

— Acha utani wako.

— Baba huyo! Tazama kovu la kwenye nyusi.

Binti hakujibu. Macho yake yalikuwa yameganda kwa bibi harusi. Mwanya ule wa meno aliujua tangu akinyonya.

— Lifti... na huyu ni mama yangu.

Wakasukuma viti nyuma, kila mmoja upande wake, kama waliomwagiwa maji ya moto. Swali lilikuwa moja, na hakuna aliyethubutu kulitamka. Binti akampigia mama yake simu.

— Mama, uliwahi kuolewa kabla ya baba?

— Maswali gani hayo?

— Mama! Mimi ni mtoto wa nani?

— Wa marehemu baba yako! Usinitie wazimu. Umesikia nini?

— Nina picha yako ya harusi. Bwana harusi ni baba yake Lifti.

Upande wa pili kitu kilianguka, kikavunjika.

— Mleteni huyo mzee, mama akasema. Leo hii hii.

Mzee alipoingia sebuleni kwa mama na kumwona, alisimama palepale mlangoni.

— Ni wewe?

— Ni mimi. Mama akawageukia watoto. Msiogope, nyie si ndugu. Mwaka haukuisha nikadai talaka. Baba yako, mwanangu, nilikutana naye miaka mingi baadaye.

— Kwa nini ulidai talaka, mama? aliuliza Lifti.

— Muulize baba yako.

Mzee akainamisha kichwa.

— Nilimpiga. Barabarani, mbele ya lile duka. Alicheka na muuza viatu, nikaona kanidharau. Nilimpiga mpaka akaanguka, watu wanatazama.

Lifti akamkazia macho baba yake. Maisha yake yote alimjua baba aliyetulia kama maji mtungini.

— Si ulituambia hujawahi kumnyanyulia mtu mkono!

— Niliwadanganya.

Mzee akapiga magoti kwenye zulia.

— Nisamehe, mke wangu... nisamehe, bibi.

— Nyanyuka, mama akasema. Ulinipiga barabarani. Msamaha wa sebuleni ni wa kazi gani?

Hakuna aliyeamini masikio yake, lakini walikwenda. Mbele ya duka la simu, mzee mzima akavua kofia, akapaza sauti:

— Jamani! Mama huyu alikuwa mke wangu. Nilimpiga hapa, na hakuwa na kosa lolote. Namwomba radhi mbele yenu.

— Makubwa haya! akasema muuza simu, mkono mdomoni. Mwenye pikipiki akazima injini. Mama, ambaye hata msibani kwa mumewe hakutoa chozi mbele za watu, alilia kwa kwikwi. Binti alisahau kabisa kwamba kamera inaning'inia shingoni.

— Mama, Lifti akasema taratibu, kama hutaki nimwoe, nitakuelewa.

Mama akajifuta uso kwa upande wa mtandio.

— Umewahi kumpiga mwanangu?

— Hata siku moja.

Akamtazama binti, macho makavu ghafla, makali.

— Nakuuliza wewe. Usinifiche kama nilivyokuficha mimi.

— Hajawahi, mama. Siku atakayojaribu, utaniona mlangoni kwako na sanduku langu.

Mama akavuta pumzi ndefu.

— Basi Jumamosi mje.

Kisha akamgeukia mzee, aliyekuwa bado ameshika kofia yake.

— Na wewe njoo. Ila utakaa karibu na mlango.