Gauni la Kutambulishwa

Mama mmoja jirani yetu alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka kumi na miwili alimshonea Bi Mkubwa, mjane wa ukoo wenye jina, ambaye hata wake za mawaziri waligombania mialiko ya karamu zake za alasiri. Katika jumba lile waliishi yeye na mabinti zake watatu. Fundi naye alikuwa na binti mmoja, mnene, msema ovyo, aliyependa kumtania kwamba anawajali mabibi wale kuliko mtoto wake wa kumzaa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Binti akifikisha miaka ishirini, hutambulishwa kwa wageni akiwa amevaa gauni la mama yake, hariri ya kijani, lililopunguzwa limkae. Kupunguza ndiyo kazi ya fundi. Kwa binti wa kwanza alifumua, akabana kiuno, akakata pindo, na mtoto akapendeza kweli. Binti yule alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na kicheko chake kilifika hadi getini. Baada ya karamu, fundi alimwona akimimina chai kwa mkono wa kulia. Kicheko hakikusikika tena.

"Amekua," fundi alijisemea.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya binti wa kati. Fundi alilikunjua gauni, akaduwaa. Mishono yake haikuwepo. Kitambaa alichokikata kwa mkasi wake mwenyewe kilikuwa kimerudi, na gauni limerudia vipimo vya Bi Mkubwa, inchi kwa inchi. Angemwambia nani? Alipunguza tena, akanyamaza. Wiki moja baada ya karamu, binti wa kati alimpita ukumbini.

"Fundi, usikanyage zulia."

Sauti ilikuwa ya mama yake. Na pale dirishani, midomo ya Bi Mkubwa ilikuwa ikicheza pamoja na maneno hayo.

Tangu siku hiyo fundi alikosa raha. Kila alipokwenda, aliwachunguza. Wakinywa chai, vikombe vitatu vilitua mezani kwa pamoja. Cha nne tu ndicho kilichochelewa, cha kitindamimba.

Mwaka wake ulipofika, kitindamimba alimshika fundi mkono kwenye chumba cha kuvalia.

"Dada zangu hawapo," alinong'ona. "Wale wanaoketi mezani siwajui."

"Shusha sauti, mwanangu."

"Usinivalishe lile gauni. Tafadhali."

Roho ilimuuma fundi. Akatafuta hariri ya rangi ileile, akashona gauni jingine, pacha wa lile, hadi vifungo. Siku ya karamu kitindamimba alishuka ngazi, akajikwaa mbele za wageni, akacheka. Kicheko chake mwenyewe. Fundi nusura alie kwa furaha.

Bi Mkubwa alilitazama pindo kwa muda mrefu. Kisha akamsogelea fundi. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Langu liko wapi?"

"Ndilo hilo, Bibi."

"Haya. Popote lilipo, halikosi wa kulivaa."

Fundi akakumbuka alikoliweka. Angelichoma. Lakini fundi gani huchoma hariri nzima? Alikuwa amelikunja vizuri na kuliweka kwenye kabati nyumbani kwake, akisema ipo siku litafaa kwa bitana. Mchuma janga hula na wa kwao. Aliondoka bila kuaga. Alikimbia. Jua lilikuwa bado linawaka, watu wanamshangaa, yeye anakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Kabati lilikuwa wazi.

Binti yake alisimama mbele ya kioo, mnene vile, na gauni la kijani limemkaa barabara.

"Livue."

Binti alifunga kifungo cha mwisho.

"Livue, mwanangu. Nakuomba."

Hakugeuka. Alimtazama kupitia kioo.

"Fundi, nani amekuruhusu kuingia bila kubisha hodi?"

Gauni lilikatwa kwa mkasi likiwa mwilini, likachomwa uani. Bi Mkubwa alizikwa mwezi uleule. Kitindamimba aliolewa mbali, na nasikia bado anacheka. Binti wa fundi yupo hapa mtaani, mzima wa afya, mpole, mwenye adabu zake. Ila hamwiti mama yake mama. Humwita fundi.

Na fundi, aliyeokoa mtoto wa watu, huacha cherehani, husimama wima na kuitika, "Abee, Bibi."