Tumeshiba, Asante

Nina miaka hamsini na tisa, na leo nakiri jambo nililolikana kwa muda mrefu: nilikuwa na njaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Suna, pale Migori. Shule ya binafsi niliyofundisha ilifungwa. Mume wangu akavuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Tanzania... akanyamaza huko huko. Nikabaki na binti yangu Akinyi, wa miaka mitano, na digrii niliyoitia fremu. Ilitutazama kutoka ukutani tukinywa uji mwepesi.

Nikajiunga na kanisa dogo la mabati. Mchungaji alifundisha kwamba Mungu hutoa, ila ukitamka "sina" umemfungia mlango. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikaamini! Jirani akiuliza kama tumekula, nilijibu, "Tumeshiba, asante." Nilisubiri muujiza. Mtu mwenye imani kama yangu angeletewaje chakula kwa njia ya kawaida?

Mama yangu, aliyeuza samaki sokoni Homa Bay, alisikia fununu akaja na kikapu cha dagaa wa omena na unga wa mtama. Nikamwambia arudi nacho, sisi tumebarikiwa.

"Mmebarikiwa na nini, hewa?" aliuliza. Akamtazama Akinyi, kisha mimi. "Nyathina, mwanangu, mimi ni mama yako. Sema tu."

Sikusema. Alikiacha kikapu mlangoni akaondoka. Na mimi nikafanya nini? Jumapili nikakipeleka madhabahuni, kizima, kama shukrani... ili waumini waone tulivyoshiba.

Jumapili iliyofuata, mchungaji alimsimamisha Akinyi kwenye benchi atoe ushuhuda.

"Mtoto, Bwana amekulisha nini?"

"Uji."

"Haleluya! Wa asubuhi hii?"

"Wa jana."

"Na leo je?"

"Leo mama amesema tumeshiba."

Kanisa zima likacheka. Mchungaji akaniinamia, akaninong'oneza nimfunze mtoto kuchunga ulimi, anatuitia umaskini. Alinukia omena.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi, msiifiche njaa mkaiita imani. Miezi yote ile nilimlalamikia Mungu kwamba amechelewa, naye alikuwa ameshabisha hodi na kikapu mkononi. Nilimtaka kunguru wa Eliya, akanitumia mama. Nikaona haya kumpokea mama!

Nilimshika Akinyi mkono, tukatoka ibada ikiendelea, hadi kibanda cha simu pale posta. Sarafu ya sadaka nikaitumbukiza kwenye simu. Mama alikuwa Msabato, Jumapili hakosi sokoni. Nikapigia duka lililo jirani na meza yake, wakamwita.

"Mama," nikasema, "tuna njaa."



"Asante Yesu," alisema. "Nyathina, chakula ninacho. Siku zote hizi nilikuwa namwomba akufungue mdomo."